Uchungu wa siku mbili: kisa cha mzazi wa kwanza, Ngamiani

Mzazi ana miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 39 zimetimia. Kliniki amehudhuria bila kukosa, presha haijawahi kupanda, damu ipo ya kutosha, mtoto mmoja na ametanguliza kichwa. Anakaa Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, pamoja na mumewe, shangazi yake na bibi mzaa mama. Ukisoma kadi yake ya kliniki huoni pa kuweka wasiwasi. Ndiyo sababu nimekichagua kisa chake. Wazazi wenye hatari ya wazi tunawajadili kila wiki, na rufaa zao za Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, tunaziandaa mapema. Huyu alikuwa karibu kuharibikiwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama: katika saa za mwanzo kabisa, kabla leba haijamhesabu kuwa ni wake.

Ninaandika kama mkunga niliyempokea alipokuja mara ya pili. Kituo sikitaji, na yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Yeye na shangazi yake wameridhia kisa kisomwe.

"Bado. Rudi nyumbani."

Ijumaa magharibi mgongo ulianza kumvuta chini, mvuto wa hedhi inayotaka kuja. Usiku akaona ute mzito wenye michirizi ya damu kwenye nguo ya ndani. Tumbo likawa linabana na kuachia: mara baada ya dakika 12, mara baada ya 20, mara kimya mpaka akapata lepe la usingizi, halafu likarudi. Jumamosi saa 2 asubuhi alifika kituoni na beseni lake, khanga na pamba. Akapimwa: njia imefunguka sentimita 2, chupa ya uzazi (mfuko wa maji anamokaa mtoto) nzima, mapigo ya moyo wa mtoto 140 kwa dakika, presha 118 kwa 74. Akaambiwa bado, rudi nyumbani.

Kitaalamu jibu lile halina kosa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu uchungu wenyewe hasa kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo mzazi yumo katika uchungu wa mwanzo, ambao hauna muda maalumu. Kwa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa chache au ukamaliza siku nzima na zaidi, na bado kila kitu kikawa sawasawa. Kinachofanyika ndani wakati huo hakionekani kwenye kipimo cha sentimita. Mlango wa kizazi, ambao kwa miezi tisa ulikuwa mrefu na mgumu kama ncha ya pua, unalainika, unafupika na kuwa mwembamba. Ni kazi kubwa na inauma kweli. Mzazi akilazwa leba mapema hivyo, wahudumu huanza kuhesabu saa, mikono inawasha, anatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu asiyoihitaji, na wengine huishia chumba cha upasuaji bila sababu ya msingi.

Kwa hiyo kumrudisha nyumbani kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maelezo, na maneno yale matatu yaliingia katika masikio matatu kwa namna tatu. Mzazi alisikia kwamba maumivu yake si uchungu. Aliniambia baadaye, "Nilijiona mwoga, nikasema kama huu si uchungu, ukija wenyewe nitakufa." Shangazi alisikia kwamba wamefukuzwa. Bibi alisikia kwamba hospitali imeshindwa, sasa ni zamu yake.

Hapa nasema kwa uchungu wa moyo, maana jambo hili linanigusa. Kwa miaka mingi tumewaita wanawake waje wazalie vituoni, na wamekuja. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ukifanyika kituoni; ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Mwanamke aliyetii wito akafika na beseni lake mlangoni anastahili zaidi ya maneno matatu. Hapa hapa mkoani kwetu, mradi wa utafiti ulioitwa Staha, uliofanyika Korogwe na Muheza, uliwauliza wazazi walivyotendewa wakati wa kujifungua. Karibu mmoja kati ya watano alieleza, akiwa anatoka kituoni, kwamba alidharauliwa au alinyanyaswa. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ikapanda hadi zaidi ya mmoja kati ya wanne. Nyumbani mtu hupata nafasi ya kusema. Huyu mzazi wangu hakutukanwa wala hakupigwa. Aliachwa tu bila kujua kinachomtokea, na kwa maoni yangu hilo nalo ni kukosewa staha.

Chupa ya bibi

Mchana kutwa hakula. Jirani mmoja alisema mwenye uchungu asile, asije akatapika. Hakulala pia, maana kila tumbo likibana alisimama akalishika dirisha. Mikazo haikuongezeka kasi. Alasiri bibi alitoka, akarudi na mizizi, akaichemsha, akaimimina kwenye chupa. Shangazi, ambaye amezaa mara nne, aliomba jambo moja tu: kabla binti hajainywa dawa, twende kituoni tena, na chupa tuichukue. Uamuzi huo wa shangazi ndio ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote yaliyofanywa na yeyote kati yetu katika siku zile mbili.

Walifika saa 1 usiku. Njia ilikuwa sentimita 3. Mapigo ya mtoto 136, chupa ya uzazi nzima, midomo ya mzazi mikavu, macho yamezama. Bibi alikaa kimya na chupa mapajani. Nikamsalimu kwanza yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hiyo dawa bibi, kazi yake nini?"

"Inasukuma. Mtoto kachoka kukaa, na huyu kachoka kubeba."

"Ina nguvu?"

"Sana."

"Sasa bibi, mlango haujafunguka. Ikisukuma kwa nguvu, itamsukumia wapi?"

Alinitazama kwa muda. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa na hofu ya mjukuu wake na hakuwa amepewa kitu kingine cha kufanya. Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Kizazi kinapobana, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua, kinapoachia, hurudi. Mtoto anaishi kwa zile dakika za kuachia. Dawa isiyo na kipimo, iwe ya mizizi au vile vidonge vya kuanzisha uchungu wanavyouziana watu dukani kwa siri, inaweza kukifanya kizazi kibane bila kuachia. Mtoto akakosa hewa, au kizazi kikapasuka, na kizazi kikipasuka mama anaweza kumaliza damu yake ndani ya tumbo kabla gari la rufaa halijawashwa. Sisi wenyewe dripu ile ile ya kuongeza uchungu tunaitoa tone kwa tone, mtu akiwa amekaa pembeni, mkono juu ya tumbo, akisikiliza mapigo ya mtoto.

Bibi aliniuliza, "Basi mimi nifanye nini?" Swali hilo linataka jibu, na wakunga wengi huliruka. Nilimwonyesha mgongo wa mjukuu wake, pale chini kabisa, penye mfupa wa nyonga. Nikamwambia apakande kila tumbo linapobana, apake mafuta ya nazi, aweke kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Kukanda na joto ni njia za kupunguza maumivu zinazokubalika hata kwenye miongozo ya kimataifa, na hakuna anayezijua kuliko bibi wa Tanga. Akaifunika ile chupa kwa ushungi wake. Sikumnyang'anya.

Walirudi nyumbani usiku ule ule, safari hii wakiwa na maelezo kamili. Ale uji, tende, chai ya maziwa, chochote kinachopita, na anywe maji. Alale kwa ubavu, hata kama ni dakika tano tano kati ya mkazo na mkazo. Akojoe kila baada ya saa mbili. Arudi mikazo ikifika mitatu ndani ya dakika kumi na kila mmoja unadumu sekunde 40 au zaidi, hawezi tena kuzungumza nao. Arudi mara moja, bila kusubiri lolote, chupa ya uzazi ikipasuka, damu ikitoka kama ya hedhi, mtoto akipunguza kucheza, akiumwa kichwa kikali au kuona maruweruwe, au tumbo likibana bila kuachia. Bajaji ikikosekana usiku, wapige 115, namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wazazi. Na hata kama hakuna lolote kati ya hayo, saa 2 asubuhi nitakuwa namsubiri. Mumewe aliandika namba kwenye simu. Kuyasema yote hayo hakukuchukua hata robo saa.

Jumapili

Alirudi saa 11 alfajiri, ameegemea shangazi. Alikuwa amelala kidogo na amekula. Njia sentimita 6. Tukampokea.

Yaliyofuata ni uchungu wa kawaida wa mzazi wa kwanza, na nitayapitia haraka isipokuwa mahali pawili. Saa 3 asubuhi njia sentimita 7. Saa 4 chupa ilipasuka yenyewe, maji meupe, hayana rangi ya kijani wala harufu. Mapigo ya mtoto tuliyasikiliza kila nusu saa, yakabaki kati ya 128 na 150. Kinachotakiwa ni 110 hadi 160. Alitapika mara moja, akatetemeka miguu, akasema hawezi tena na kwamba anataka kwenda kwao. Wanaosoma haya mkiwa wajawazito, yashikeni haya matatu. Kutapika, kutetemeka na kukata tamaa mara nyingi huja karibu na mwisho wa kufunguka njia.

Mahali pa kwanza pa kusimama ni saa 5 asubuhi. Mikazo, iliyokuwa minne ndani ya dakika kumi, ilishuka ikawa miwili, dhaifu. Kwa patografu ya zamani, ile grafu ya kufuatilia uchungu iliyotokana na kazi ya madaktari Philpott na Castle nchini Rhodesia (sasa Zimbabwe) mwaka 1972, kila mzazi alitarajiwa kufunguka sentimita moja kwa saa, na aliyechelewa kwa saa nne alifikia mstari wa kuchukua hatua. Kwa hesabu hiyo huyu alitakiwa kumaliza saa 3 asubuhi, na mkono ungekuwa unatafuta dripu. Mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2020, umeiacha kanuni hiyo, kwa sababu wanawake wengi wenye afya hufunguka polepole zaidi na kuzaa salama. Unatazama mzazi amekaa muda gani katika kila sentimita. Aliye kwenye 6, kwa mfano, anatiliwa mashaka akifikisha saa 5 hapo hapo. Huyu hakuwa amevuka popote.

Lakini mikazo kupungua si jambo la kupuuza. Nilipompapasa tumbo niliona chini ya kitovu kimevimba kitu laini, na kichwa cha mtoto kimesimama juu yake. Kibofu. Nikamuuliza alikojoa lini. Akanyamaza. Shangazi ndiye aliyejibu: tangu nyumbani.

Kwa nini hakusema? Kwanza mtu alimwambia asishuke kitandani. Pili, choo kiko mwisho wa ukumbi, na kupita pale ukiwa na khanga moja, mbele ya watu, kwa binti aliyefundwa si jambo dogo. Kwetu mwari hufundishwa mengi juu ya ndoa na usafi, na juu ya yote hufundishwa kujikaza. Kujikaza kumewasaidia wanawake wengi kuvuka maumivu. Ila ndani ya leba kujikaza kunaficha habari ambazo mkunga anazihitaji: kwamba mkojo umembana, kwamba ana kiu, kwamba maumivu yamebadilika. Shangazi alimfunga khanga ya pili, akamshika kiuno, wakaenda taratibu. Alikojoa mkojo mwingi. Hakurudi kulala; alitembea ukumbini, akaegemea ukuta, bibi akamkanda mgongo. Ndani ya nusu saa mikazo ilirudi kuwa minne. Saa 7 mchana njia ilikuwa imekamilika, sentimita 10, bila tone la dripu.

Wengi huuliza kama inaruhusiwa kutembea. Ikiwa mama na mtoto wako salama, ndiyo, na inasaidia. Huulizwa pia kuhusu msindikizaji. Mwanamke mwenye mtu wake pembeni huomba dawa za maumivu kidogo, na nafasi yake ya kuzaa kwa njia ya kawaida huongezeka. Wodi zetu ni finyu, vitanda vimebanana, na sababu hiyo naielewa. Pazia hata la shuka mbili limetosha kwetu.

Kusukuma kulichukua saa moja na dakika 25. Kwa mzazi wa kwanza mpaka saa tatu ni kawaida, mradi mtoto yuko vizuri. Alichagua kukaa nusu, ameegemea kifua cha shangazi. Haja kubwa ilitoka kidogo, akalia kwa aibu. Nilimwambia ukweli, kwamba kichwa cha mtoto kinapopita hukamua kila kilicho nyuma yake, na sisi hupangusa tukaendelea. Hatukumwongeza njia kwa kumkata. Kichwa kilipoanza kuonekana bila kurudi ndani, nilimwambia aache kusukuma, apumue kwa pumzi fupi fupi, kikatoka polepole. Alichanika kidogo kwenye ngozi tu. Saa 8 na dakika 25 mchana akazaliwa mtoto wa kike, kilo 3.1, akalia papo hapo. Tukamkausha, tukamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kitovu tukakikata baada ya dakika mbili ili damu yake kutoka kwenye kondo imfikie.

Mililita 700

Mahali pa pili pa kusimama ni hapa, wakati wote chumbani walipokuwa wanatabasamu.

Ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka alichomwa oksitosini vitengo 10 pajani. Kila mzazi hupewa, kwa sababu hukifanya kizazi kijikunje na kuziba mishipa iliyokuwa inalisha kondo. Kondo la nyuma lilitoka baada ya dakika tisa, zima, utando umekamilika. Chini yake tulikuwa tumetandika mfuko wa plastiki wenye vipimo. Dakika ya 15 mfuko ulisoma mililita 500, na damu bado inateremka. Kizazi, ambacho kilitakiwa kuwa kigumu chini ya kiganja, kilikuwa laini.

Sishangai kilichoka. Kilikuwa kimefanya kazi tangu Ijumaa magharibi, mwenye nacho hakula siku nzima, na kibofu kilikuwa kimejaa tena. Tulifanya mambo kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndipo tuanze jingine: mmoja anasugua kizazi, mwingine anatundika dripu ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, traneksamiki asidi, gramu 1 kwenye mshipa, maji, mpira wa mkojo, na taa chini kutazama kama kuna mchaniko wa ndani. Mkojo ulitoka zaidi ya nusu lita. Kizazi kikakaza. Damu ilisimama kwenye mililita 700. Bombo walikuwa wameshapigiwa simu na gari liko tayari, halikuhitajika.

Utaratibu huo wa mfuko wenye vipimo na matibabu ya pamoja ulijaribiwa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, na matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha damu nyingi ya hatari na madhara yake makubwa yakipungua kwa asilimia 60. Kabla ya mfuko tulikadiria damu kwa macho, na macho hudanganya. Damu iliyoingia kwenye khanga nyeusi huonekana kidogo. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104 kati ya tafiti zile mbili za taifa nilizozitaja. Damu ingali mstari wa mbele kati ya vinavyoua.

Sasa rudi nyuma kwenye chupa ya bibi. Kizazi kilichosukumwa na dawa tangu Jumamosi alasiri kingefika kwenye dakika hii ya 15 kikiwa katika hali gani? Na mzazi ambaye hakula wala kulala usiku wa pili? Ndiyo maana nasisitiza kwamba kutoka damu kwa Jumapili mchana kulianzia Jumamosi asubuhi mlangoni, pale aliporudishwa bila kuambiwa ale nini, apumzike vipi, arudi lini.

Mtoto alishika titi ndani ya saa ya kwanza. Mama alikaa wodini siku mbili, wingi wa damu ukapimwa 9.4, akaondoka na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu.

Kabla hawajaondoka bibi aliniuliza kuhusu maji ya moto na mkaja. Nilimwambia uji wa pilipili manga na supu ya kuku ni vyema kabisa, kukanda mgongo na miguu pia. Tumbo asilikandamize wala kulimwagia maji yanayounguza, na mkaja asiukaze mpaka mama ashindwe kuvuta pumzi. Zaidi ya yote, kila anapomfunga aangalie chini kwanza. Akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge yakitoka, au harufu ikiwa mbaya, au homa ikipanda, au kichwa kikimuuma sana, arobaini haingojewi. Wapande bajaji waje. Shangazi aliyarudia yote kwa sauti, moja baada ya jingine, na bibi akamsahihisha palipokosewa.